MDUDU WA SIKU MOJA NA HALI YA MTO NGONG



Mto Ngong, upitao kando ya Mukuru kwa Njenga, hupita kwanza Bwawa la Nairobi na eneo la viwanda, kisha huungana na Mto Nairobi. Maji yake hufuata Mto Athi, uitwao Sabaki huko pwani, hata yakaingia baharini karibu na Malindi. Atakaye kujua hali ya mto kama huo yafaa awatazame wadudu wakaao chini ya mawe yake.

Miongoni mwao imo jamii iitwayo Baetidae, iliyopewa jina hilo mwaka 1815 na Mwingereza William Elford Leach. Ni tawi la kundi la Ephemeroptera, jina la Kiyunani lenye maana ya mabawa ya siku moja. Mdudu huyu ni mdogo kama punje ya mchele, mwenye mikia miwili myembamba kama nywele. Mabawa yake ya nyuma ni madogo mno, au hayapo kabisa. Macho ya dume yameinuka juu ya kichwa mfano wa kilemba. Aina zake hupatikana karibu dunia nzima.

Jike hutaga majini. Wengine huzama wenyewe wakabandika mayai juu ya mawe. Mtoto hukaa majini kwa majuma au miezi, akila ukoga wa mawe na kupumua kwa matamvua yaliyo ubavuni mwa tumbo. Hujivua ngozi mara nyingi, kisha hupanda juu na kupata mabawa. Hapo hufanya jambo lisilofanywa na wadudu wengine: akiwa amekwisha kuruka, hujivua ngozi mara moja zaidi. Sasa kinywa chake hakifai kitu, wala hali chakula. Huoana, na wengi hufa kabla ya siku mbili kupita.

Basi maisha yake karibu yote ni ya majini. Taka za vyoo na za viwanda zikioza mtoni, humaliza hewa iliyomo katika maji, na mtoto huyu hufa. Hubaki vibuu vyekundu na minyoo iwezayo kustahimili uozo.

Lakini kumwona mmoja si ushahidi wa kutosha, maana baadhi ya aina zake huvumilia uchafu kiasi. Kwa hiyo wakaguzi wa mito wa Afrika Kusini huhesabu aina. Ikionekana aina moja tu ya jamii hii, hutoa alama 4. Zikiwa mbili, 6. Zikizidi mbili, 12. Tanzania nayo imejiwekea utaratibu uliotokana na huo.

Lipo na onyo. Mdudu huyu hutoa habari za hewa na uchafu wa maji. Vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo havitambui. Hata penye wadudu wengi wa namna hii, maji ya kunywa sharti yachemshwe, na watoto waliocheza mtoni wanawe kwa sabuni. Nao waishio kando ya mto wakumbuke kwamba kila ndoo ya taka imwagwayo Mukuru huteremka kwa jirani aliye chini, anyweshaye mifugo na kumwagilia mboga kwa maji yale yale.