Kusomea Maumivu ya Watu

Leo nazungumza na wewe uliyemaliza shahada ya kwanza ya saikolojia, uuguzi, ualimu au ustawi wa jamii, na sasa unatafuta chuo cha kusomea uzamili wa saikolojia tumizi na afya ya akili. Wazazi nao wasiondoke redioni, maana wengi wao ndio watakaolipa ada.

Nianzie Sonatubes, hapa Kigali. Ukitoka mjini kwa njia ya Rwandex unafika kwenye njia panda hiyo iliyorithi jina la kiwanda cha mabomba. Barabara moja inakwenda Remera na uwanja wa ndege, nyingine inapita Kicukiro na Nyanza hadi Bugesera. Tarehe 11 Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, askari wa Ubelgiji wa kikosi cha Umoja wa Mataifa waliondoka katika shule ya ufundi ya ETO, Kicukiro, wakawaacha watu zaidi ya 2,000 waliokuwa wamekimbilia pale. Watu hao walishika njia wakitaka kufika uwanja wa michezo wa Amahoro. Walizuiwa Sonatubes, wakapelekwa kwa nguvu, kwa miguu, hadi Nyanza, na huko wengi wao wakauawa. Leo pale Nyanza pana makumbusho ya mauaji hayo ya kimbari, na kila mwaka ifikapo tarehe hiyo watu hukusanyika kuwakumbuka.

Mabasi yanapita Sonatubes mchana kutwa. Ndani ya basi moja anaweza kuwamo aliyenusurika, mwanawe, jirani yake, na mwanafunzi wa saikolojia anayewahi darasani. Mwanafunzi huyo amekulia ndani ya historia ileile anayojifunza kuitibu. Ndiyo maana nasema, kabla hujauliza ada, kabla hujatazama majengo wala orodha ya masomo, uliza hivi: nikishamwona mgonjwa, nani atakaa nami tuyazungumze niliyoyasikia?

Kazi hiyo inaitwa usimamizi wa kitaalamu, na wengi hudhani ni ukaguzi. Chukua mfano. Mwanafunzi wa uzamili yuko kwenye mafunzo kwa vitendo hospitalini. Anapokea mama wa makamo ambaye kila Machi ikianza kwisha, usingizi unamkimbia. Mama anaanza kusimulia, na kila akikaribia Aprili ya mwaka ule, mwanafunzi anamuuliza habari za chakula, za dawa, za watoto. Hajui kwamba anamkatiza. Mama mzazi wa mwanafunzi naye alinusurika, na nyumbani kwao jambo hilo halikuzungumzwa kamwe. Kesho yake msimamizi anapitia naye maelezo ya kikao, na kwa upole anamwonyesha: hapa mgonjwa alifungua mlango, nawe ukaufunga, ulikuwa unamlinda nani? Swali la namna hiyo halimo katika kitabu cha mtihani. Bila msimamizi, mwanafunzi huyo angehitimu kwa alama nzuri kabisa, akaendelea kuwakatiza wagonjwa kwa miaka.

Rwanda inajua gharama ya kukosa wataalamu. Baada ya 1994 nchi ilibaki na madaktari wa akili wa kuhesabika kwa vidole. Mmoja wao, Naasson Munyandamutsa, aliyekuwa akisomea Uswisi, alirudi nyumbani, akatibu na kufundisha hadi alipofariki mwaka 2016. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Taifa, kule Butare, kilianza kufundisha saikolojia tiba. Mwaka 2013 yakaanza mafunzo ya ubingwa wa magonjwa ya akili humuhumu nchini. Hospitali ya magonjwa ya akili ya Ndera, iliyoanzishwa na Mabradha wa Karitasi, imekuwa mahali pa mazoezi kwa vizazi vya wanafunzi.

Uhitaji bado ni mkubwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta kwamba mtu 1 kati ya 5 alikuwa na angalau tatizo moja la afya ya akili. Kwa walionusurika mauaji ya kimbari, ilikuwa zaidi ya nusu. Asilimia 61.7 ya watu walijua huduma zinakopatikana. Waliowahi kuzitumia walikuwa asilimia 5.3 tu. Takwimu hizo zinaweza kumshawishi mtu aseme tuwahitimishe wataalamu haraka, wawe wengi. Mimi naogopa haraka hiyo. Mtu aliyejikaza miaka mingi ndipo akaja kuomba msaada, akikutana na asiyejua kusikiliza, huenda asirudi tena.

Saikolojia tumizi haiishii kwenye chumba cha ushauri nasaha. Tangu 2004 redio za hapa zimerusha mchezo wa Kinyarwanda uitwao Musekeweya, unaohusu vijiji viwili vinavyogombana, uliotungwa kwa kufuata mafunzo ya wanasaikolojia kuhusu chuki na upatanisho. Mwanasaikolojia wa Marekani, Elizabeth Levy Paluck, aliupima. Vikundi vingine viliusikiliza mwaka mzima, vingine vikasikiliza mchezo wa afya. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 2009 yalishangaza: imani za watu binafsi hazikubadilika sana, ila walibadili mawazo kuhusu kile ambacho jamii yao inakikubali, wakawa tayari zaidi kutoa maoni tofauti mbele ya wenzao. Kwangu mimi mtu wa redio, huo ni ushahidi wa kutosha kwamba somo la takwimu, lile wanafunzi wanaloliogopa, lina faida. Asingepima, tungebaki kujisifu tu.

Kwa hiyo ukienda chuoni, taja mambo kwa majina. Omba uambiwe hospitali utakayofanyia mazoezi, na saa ngapi kwa wiki utakaa na msimamizi. Uliza kama msimamizi mwenyewe bado anaona wagonjwa. Hakikisha pia shahada hiyo itakuwezesha kusajiliwa kufanya kazi, hasa wewe uliyetoka Bukavu, Goma au Bujumbura ukitarajia kurudi kwenu, kwani kila nchi ina utaratibu wake. Kenya, kwa mfano, ina sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia tangu 2014. Chuo kikibabaika kujibu, endelea kutafuta.

Na kama unayenisikiliza si mwanafunzi, bali ndiwe ambaye usingizi umekukimbia, usingoje hawa wahitimu. Anzia kituo cha afya kilicho karibu nawe, mweleze muuguzi kama unavyomweleza habari ya homa. Hospitali ya wilaya ina kitengo cha afya ya akili, na muuguzi huyo anaweza kukuandikia rufaa ya kwenda huko.