Figo Mbovu Huuchosha Moyo

Somo letu la leo ni juu ya figo na moyo. Sikilizeni vizuri, kisha msome ukurasa huu polepole pamoja na mwalimu wenu.

Kila mtu ana figo mbili, nazo zipo upande wa mgongoni, karibu na mbavu za chini. Kila moja ni kubwa kama ngumi. Mnajua tunavyokamua ndizi mbivu kwa majani: maji matamu hupita, makapi hubaki. Figo nazo ni chujio. Huchuja damu usiku na mchana, zikabakiza kilicho chema, na taka zikatoka kwa mkojo.

Basi, tuseme yuko mzee mmoja, mkulima wa kahawa. Figo zake zinaharibika kidogo kidogo kwa miaka mingi. Haumwi kitu. Analima, anakula, analala. Lakini ndani yake yanatokea mambo matatu.

Kwanza, chumvi na maji ambayo yangetoka hubaki mwilini, na mishipa ya damu hubana. Presha hupanda. Moyo husukuma damu kwa nguvu zaidi, kama mtu apandaye kilima na mkungu wa ndizi kichwani, wala hana pa kuutua. Mwishowe ukuta wa moyo hunenepa na kuwa mgumu.

Pili, figo ndizo zinazouagiza mwili utengeneze damu. Zikichoka, damu hupungua, na moyo hulazimika kwenda mbio.

Tatu, madini iitwayo potasiamu hujaa katika damu. Ikizidi sana yaweza kuusimamisha moyo ghafla. Ndizi na maharage, chakula chetu cha kila siku, vina potasiamu nyingi. Mwenye figo nzima ale bila hofu. Mwenye figo mbovu amwulize daktari ale kiasi gani.

Ndiyo sababu wagonjwa wengi wa figo hufa kwa moyo kabla figo zenyewe hazijazima kabisa. Jirani husema, "Ni moyo tu," wala hajui kwamba ugonjwa ulianzia katika figo.

Je, tufanyeje? Mwaka 2014 wataalamu waliwapima watu wazima huko Moshi, Mkoa wa Kilimanjaro. Katika kila watu 100, wapatao 7 walikuwa na ugonjwa wa figo, na wengi wao hawakujua. Basi tusingoje maumivu. Nenda zahanati ukapimwe presha, sukari na mkojo. Presha ikifika 140 kwa 90 mara kwa mara, imepanda. Ukipewa dawa, usiiache kwa kuwa umepata nafuu. Punguza chumvi. Acha tumbaku. Usimeze dawa za maumivu kila siku bila kuagizwa, maana nyingine huharibu figo. Na miguu ikivimba, au pumzi ikikata ulalapo, usikae nyumbani kungoja.

Sasa mwalimu aandike ubaoni, nanyi mwandike daftarini: *Figo haisemi. Pima kabla moyo haujachoka.*

Ukifika nyumbani, wasomee baba na mama maneno hayo. Kwaherini, mpaka somo lijalo.