Kikopo cha Pili: Jinsi Maabara Inavyopima Dawa ya Kichocho

Hotuba kwa wakaazi wa Kaunti ya Kwale



Dawa ya kichocho ikishatolewa, baadhi ya shule na vijiji huchaguliwa kufuatiliwa, na hapo ndipo swali huzuka: mbona mtu aliyekwisha kumeza vidonge bado anadaiwa mkojo? Kikopo cha kwanza huletwa bila ubishi, maana mtoto anakojoa damu na mzazi ameingiwa na hofu. Cha pili, kinachotakiwa wiki kadhaa baadaye, ndicho kigumu kurudi. Damu imekoma, mtoto anacheza, na shambani kuna kazi. Nani tena ana haja na maabara? Lakini bila kikopo hicho, hakuna anayeweza kusema kama dawa imefanya kazi.

Kichocho cha Pwani hasa ni kile cha mkojo. Minyoo wake, dume na jike, huishi wameshikana ndani ya mishipa ya damu iliyo karibu na kibofu, na wanaweza kukaa humo miaka. Hawatoki nje wakaonekana. Kinachotoka ni mayai, kwa hiyo maabara huhesabu mayai.

Mkojo unaofaa ni wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati mayai hutoka kwa wingi. Anayeleta wa alfajiri anaweza kuambiwa hana kitu, kumbe anacho. Mtaalamu hutikisa kikopo, huvuta mililita 10 kwa bomba la sindano, kisha huzisukuma kupitia kichujio chenye vitundu vidogo mno. Mkojo hupita, mayai hunasa. Kichujio huwekwa chini ya hadubini. Yai lenyewe halifichiki, lina mwiba mfupi kwenye ncha moja. Yanahesabiwa moja moja, na yakifika 50 au zaidi, hayo ni maambukizi mazito.

Baada ya dawa, hesabu hiyo hurudiwa. Tuseme shule ilikuwa na wastani wa mayai 100 na sasa yamebaki 5: yamepungua kwa asilimia 95. Shirika la Afya Duniani huona dawa inafanya kazi vya kuridhisha mayai yakipungua kwa asilimia 90 au zaidi. Sasa fikirini waliorudisha kikopo cha pili wakiwa ni wale tu ambao bado wanaumwa. Dawa nzuri itaonekana mbovu. Wakirudi waliopona peke yao, dawa iliyochoka itasifiwa bure.

Kuna utata mwingine. Mayai yaliyonasa kwenye ukuta wa kibofu huendelea kutoka kwa muda hata minyoo ikishakufa. Ili kutofautisha, maabara inaweza kuyatia kwenye maji safi penye mwanga. Yaliyo hai huanguliwa, na kidudu hutoka kikiogelea. Yaliyokufa hubaki vilevile.

Watu wa kaunti hii si wageni wa vipimo hivi. Miaka ya 1980, watoto wa shule za Msambweni walipewa dawa mbili tofauti, metrifoneti na prazikwanteli, na mkojo wao ukapimwa mara kwa mara ili dawa hizo zilinganishwe. Zote zilipunguza mayai. Ila metrifoneti ilihitaji kumezwa zaidi ya mara moja, na prazikwanteli hutolewa kwa siku moja, kwa kipimo cha miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Metrifoneti iliachwa. Imebaki hiyo moja, na hapo ndipo penye wasiwasi. Mwaka 1994 watafiti walionyesha kwamba minyoo ya kichocho waliofugwa ndani ya panya, wakipewa prazikwanteli kizazi baada ya kizazi, huanza kuistahimili. Hilo likitokea kwa watu, litaonekana kwanza kwenye hesabu ya mayai, kabla ya mgonjwa kuhisi lolote.

Vipimo hivi pia vimewafikia wadogo. Kwa miaka mingi watoto wa chini ya umri wa shule waliachwa nje, kwa kuwa vidonge ni vikubwa na vichungu. Ndani ya kidonge hicho mna sehemu mbili zinazofanana kama mtu na kivuli chake kwenye kioo. Moja huua minyoo, nyingine huongeza uchungu tu. Iliyofaa ikatengwa, ikafanywa kidonge kidogo kinachoyeyuka majini, na kujaribiwa Kenya na Kodivaa kwa watoto wa miezi 3 hadi miaka 6. Hapa nchini kazi hiyo ilifanyika Homa Bay. Kina mama walileta sampuli za watoto wao kabla ya dawa na baada yake, na bila wao kidonge hicho kisingefika popote.

Mtu asivunjike moyo kikopo cha pili kikionyesha mayai. Prazikwanteli huua minyoo waliokomaa, si wachanga, na aliyerudi kuoga kwenye silanga lenye konokono huambukizwa upya. Mhudumu wa afya atamweleza kama anahitaji kumeza tena. Kikopo hupokelewa hata kama damu imekoma. Kiletwe kuanzia saa nne, na jina liandikwe ubavuni, si kwenye kifuniko, kwa sababu vifuniko hubadilishana mezani.