Kazi ya Mikono na Watu wa Kuipokea
(Hotuba iliyotolewa Liuli, siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Jana jioni, pale ufukoni, kijana mmoja wa kidato cha nne aliniamkia, kisha akaniuliza: "Mzee, mimi nachora, na watu husema nachora vizuri, lakini hakuna anunuaye. Wanunuzi wanapatikana wapi?" Nilimjibu asome kwanza, mengine yatafuata. Usiku jibu hilo liliniudhi mwenyewe. Naomba nilirekebishe mbele yenu.

Nianze na mtu wa mkoa wetu huu wa Ruvuma. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru. Alikwenda Tanga kwenye mashamba ya mkonge, kisha Dar es Salaam kutafuta kazi. Mwaka 1968 alianza kuchora kwa rangi ya baiskeli juu ya vipande vya mbao nyembamba za kiwandani. Hakuwa na jina, wala tajiri wa kumshika mkono. Picha zake ziliuzwa nje ya Morogoro Stores, huko Oysterbay, na mkewe akisaidia kuziuza. Mahali pale palikuwa na maana: wageni wengi walikaa mitaa ile, na waliokwenda dukani walizikuta picha njiani.

Tena hakuuficha ujuzi wake. Aliwafundisha ndugu na jamaa zake. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kwa kumdhania mhalifu, akafariki. Alikuwa amechora kwa miaka minne tu. Lakini wanafunzi wake waliendelea na kazi, na mwaka 1990 wakaunda chama chao cha ushirika. Leo mtindo ule wote unaitwa kwa jina lake.

Sasa niseme langu, ingawa ni la aibu. Nilipopata mshahara wangu wa kwanza baada ya Chuo Kikuu, niliandika kijitabu cha hadithi za bibi yangu za ziwani, nikachapisha nakala 300. Nilizipeleka madukani mjini, zikarudi. Nikaziweka chini ya kitanda, mchwa wakawa wasomaji wangu wa kwanza. Nililaumu watu kwamba hawapendi kusoma. Kumbe hakuna hata mmoja aliyejua kuwa nimeandika.

Nikiwa likizo hapa nyumbani, mama mmoja muuza usipa, tukisubiri meli, aliniomba nimsomee hadithi moja. Nilisoma. Alicheka, akanunua nakala, akamwita mwenzake. Siku ile niliuza nakala nne, nikaandika majina ya wanunuzi katika daftari. Kila likizo nilirudi pale pale na hadithi mpya. Daftari hilo sasa lina majina 160. Si utajiri, lakini ni watu wanaoniuliza, "Nyingine lini?"

Kwa hiyo, kijana wangu, jibu langu ni hili. Wanunuzi hawapatikani mahali. Hujengwa, mmoja mmoja. Kaa panapopita watu, nao wakukute hapo kila siku uliyoahidi. Mjue kwa jina aliyenunua mara ya kwanza, maana yeye ndiye atakayemleta wa pili. Ninyi mna simu, na picha yako inaweza kuonekana Dodoma usiku huu huu. Lakini aliyetazama akapita si sawa na aliyerudi. Na ukipata ujuzi, mfundishe mwenzako.

Masomo usiyaache. Mimi nasema haya nikiwa na mshahara, nawe huna. Usije ukala rangi. Ila brashi pia usiitupe. Picha ya kwanza nainunua mimi, leo, kabla sijapanda gari. Jina langu liandike la kwanza katika daftari lako.