Mashine Ikitetemeka, Nani Aizime?

(Hotuba iliyosemwa mbele ya wanachama wa Kitui na Makueni)



Leo hatukuja kusema habari ya mishahara. Twataka kusema habari ya kile kisanduku chenye taa za kijani na nyekundu katika chumba cha kuongozea mitambo, ambacho wengi wetu hupita mbele yake kila siku bila kuuliza kina kazi gani.

Watu hudhani kaunti zetu hizi mbili hazina ila ukame na maembe. Sivyo. Bomba la mafuta la Mombasa hadi Nairobi, lililoanza kazi mwaka 1978, lilijengewa stesheni za pampu Mtito Andei na Sultan Hamud, zote ndani ya Makueni. Bomba la inchi 20 lililochukua nafasi yake mwaka 2018 nalo lapita upande huo huo. Huko Kitui maji ya Kiambere hayapandi mpaka Mwingi kwa miguu yake. Yasukumwa kwa pampu. Tena wako kati yetu waliofanya kazi kwenye mafeni ya kuchambulia pamba. Kazi zote hizo ni za shafti inayozunguka, na shafti haina huruma.

Fikirini mota ya kawaida inayozunguka karibu mara 3,000 kwa dakika, yaani mara 50 kila sekunde. Upande mmoja wa shafti ukiwa mzito kidogo tu, beringi yapigwa mara 50 kila sekunde, mchana na usiku. Mafundi wa zamani walikuwa wakiweka ncha ya bisibisi juu ya beringi na mpini sikioni, wakasikia ugonjwa. Ilikuwa elimu nzuri, wala hatuidharau. Lakini sikio halikeshi saa 24, nalo haliwezi kuzima mota.

Kisanduku kile chaweza. Kuna kihisi ambacho hakigusi shafti hata kidogo. Hukaa mbali nayo kama milimita moja na robo, na shafti ikisogea volti hubadilika, karibu volti 8 kwa milimita. Shafti ikicheza kwa unene wa unywele, habari imekwisha fika. Kihisi cha aina nyingine hufungwa juu ya nyumba ya beringi, nacho hupima kasi ya mtetemo. Moduli zilizo ndani ya kisanduku hupokea habari hizo na kuzilinganisha na mipaka miwili. Mtetemo ukivuka mpaka wa kwanza, kengele hulia. Ukivuka wa pili, rilei hukata umeme wa mota bila kumngoja mtu. Kwa mashine kubwa iliyofungwa juu ya msingi mgumu, kipimo cha kimataifa chasema kwamba ikipita milimita 4.5 kwa sekunde haifai kuachwa hivyo siku nyingi, na ikipita 7.1 yaweza kuvunjika. Mashine iliyo juu ya msingi unaonyumbuka ina mipaka mingine.

Mtetemo wenyewe nao husema. Ukienda sawasawa na mzunguko, mara nyingi uzito hauko sawa. Mafeni ya pamba hupatwa na jambo hili vumbi na nyuzi zikiganda juu ya mabawa. Ukiwa mara mbili ya mzunguko, tazameni kama mota na pampu zimepangwa katika mstari mmoja.

Sasa tufike kwenye swichi ya baipasi. Fundi abadilishaye kihisi anaihitaji, asije akazima mtambo wote bure. Lakini wako wakubwa waipendao kwa sababu nyingine: huifunga ili kazi isisimame.

Katika kiwanda kimoja, ambacho hatukitaji, feni kubwa ilijizima usiku. Mwenzetu wa zamu akaandikiwa barua ya onyo na kukatwa mshahara, eti amesimamisha kazi. Tukaomba kumbukumbu zilizohifadhiwa na moduli. Zikaonyesha mtetemo ulikuwa ukipanda kwa siku nne, na kila mchana kengele ililia, mtu akainyamazisha. Mwenzetu hakugusa kitu. Barua ikafutwa na fedha zikarudishwa. Kama swichi ile ingalifungwa usiku ule, tungalikuwa tukizungumza habari ya mabawa ya chuma yaliyoruka, na pengine ya mazishi.

Kwa hiyo twataka iandikwe katika mapatano yetu kwamba baipasi haifungwi kwa maneno ya mdomo. Atakayeamuru atie sahihi, aandike saa ya kufunga na saa ya kufungua. Na mtambo ukijizima, mjumbe wa wafanyi kazi apewe nakala ya kumbukumbu kabla mtu ye yote hajaadhibiwa.

Sheria iko upande wetu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mfanyi kazi amwarifu msimamizi mara aonapo hatari kubwa, na mwajiri hana ruhusa kumrudisha mahali pale hatari ikiwa bado ipo. Tena mahali penye watu 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Mahali pasipo na kamati, mtupe habari leo hii.

Katibu wa tawi ana daftari hapa mezani. Kila mjumbe aandike mashine zake, zipi zina vihisi, na ni swichi zipi zimefungwa hivi sasa tunapozungumza.