Kuchagua Shule ya Uhuishaji wa Kompyuta

Shule za sanaa zinazofundisha uhuishaji wa kompyuta, yaani utengenezaji wa filamu za katuni kwa kompyuta, hutoa shahada zenye majina yanayofanana, ila wahitimu wake hawafanani hata kidogo. Mmoja hutoka akiwa msanii wa kumfanya mhusika atembee, acheke na kusita. Mwingine hutoka akiwa fundi wa programu zinazoyafanya maji ya bahari au nywele za simba zionekane za kweli. Wa tatu hutoka akiwa mtunzi wa filamu zake mwenyewe. Anayetuma maombi kabla ya kujua anataka kuwa yupi kati ya hao, anabahatisha.

Kinachowavutia wengi kwanza ni vifaa, na ndicho chenye uzito mdogo kuliko vyote. Kila shule ina picha za maabara zenye safu za kompyuta mpya. Lakini programu ya Maya hufundishwa karibu kila mahali, na Blender hupatikana bure. Filamu ya Flow, ya Gints Zilbalodis wa Latvia, ilitengenezwa kwa Blender hiyohiyo, na Machi 2025 ikatwaa Oscar ya filamu bora ya katuni. Kompyuta za maabara zitapitwa na wakati kabla mwanafunzi hajahitimu.

Cha kuulizia ni ufundishaji, na unaonekana vizuri katika zoezi la mpira unaodunda, ambalo wanafunzi wengi huanza nalo. Sekunde moja ya filamu ina picha 24, na mwanafunzi hupanga mpira uwe wapi katika kila picha. Unapokaribia kilele, picha hukaribiana. Unaposhuka, nafasi kati ya picha moja na inayofuata huongezeka. Unapogusa sakafu, hubonyea. Mpira wa chuma na mpira wa tenisi hutofautishwa na nafasi hizo, wala si rangi. Mwalimu anayeijua kazi huzipitia picha moja baada ya nyingine na mwanafunzi, akamwonyesha ni ipi iliyoufanya mpira uonekane unaelea. Kwa hiyo ni muhimu kujua mwaka wa kwanza unafundishwa na nani, darasa lina watu wangapi, na kazi ya kila mmoja hukosolewa mara ngapi.

Ushahidi mwingine ni filamu za wahitimu. Shule hutangaza zilizoshinda tuzo, lakini zinazosema kweli ni zile za kawaida, za mwanafunzi wa katikati ya darasa. Inafaa zitazamwe kwanza bila sauti, maana muziki mzuri huficha makosa mengi. Mhusika anayeinua sanduku zito hana budi kuinama, kulivuta karibu na kiwiliwili na kuhamisha nyonga kabla ya kunyanyuka. Sanduku likipanda huku nyonga zimetulia, basi miaka minne haikutosha kumfundisha mtu huyo uzito. Kasoro kama hiyo ikijirudia katika filamu tano au sita za shule moja, tatizo si la mwanafunzi.

Kati ya shule zenye majina makubwa, CalArts ya California ilianzishwa 1961 kwa msukumo wa Walt Disney, na masomo yake ya uhuishaji wa wahusika yakaanza 1975. John Lasseter, aliyeongoza Toy Story ya mwaka 1995, alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa mwanzo. Huko kila mwanafunzi hutengeneza filamu yake mwenyewe kila mwaka, jambo linalomfaa mwenye hadithi za kusimulia kuliko anayetaka kushikwa mkono. Ringling ya Sarasota, Florida, hufundisha kwa hatua zilizopangwa kwa ukali hadi filamu fupi ya kuhitimu. In a Heartbeat ya Esteban Bravo na Beth David, iliyotazamwa na mamilioni mwaka 2017, ilikuwa ya aina hiyo. Gobelins ya Paris inasifika kwa filamu zinazotengenezwa na vikundi, na hiyo ndiyo hali halisi ya kazi za studio. Kijana wa Bukavu au Bujumbura aliyesoma kwa Kifaransa hapaswi kuiruka kwa sababu tu Marekani inasikika zaidi. Kituo cha uhuishaji wa kompyuta cha Chuo Kikuu cha Bournemouth, Uingereza, kilichoanzishwa 1989, huchanganya sanaa, hisabati na uandishi wa programu. Ndipo mahali pa anayechora vizuri na haiogopi aljebra.

Ng'endo Mukii wa Kenya alipita njia nyingine. Alisoma Rhode Island School of Design, kisha Royal College of Art ya London, ambako alitengeneza Yellow Fever mwaka 2012, filamu kuhusu kujichubua ngozi na mizani ya urembo inayowaelemea wanawake wa Kiafrika. Mwaka 2023 aliongoza Enkai katika mkusanyiko wa filamu fupi wa Kizazi Moto. Shule za namna hiyo humlea mtunzi mwenye sauti yake.

Gharama ndiyo inayoamua kwa walio wengi. CalArts na Ringling hutoza zaidi ya dola 50,000 kwa mwaka, kabla ya chumba na chakula. Deni la kulipia ada hiyo kwa kazi ya mikataba mifupi ni mzigo wa kutisha, na familia ina haki ya kuuogopa. Uthabiti wa shule nao uchunguzwe. Mtandao wa vyuo wa Art Institutes ulifunga matawi yake yote yaliyobaki Septemba 2023, na Mei 2024 serikali ya Marekani ikafuta deni la zaidi ya dola bilioni 6 la wanafunzi wake wa zamani. Chuo cha University of the Arts, Philadelphia, kilitangaza kufungwa wiki moja tu kabla ya kufunga milango Juni 2024. Ithibati iliyo hai na hesabu za fedha zilizo wazi zina thamani zaidi kuliko jengo jipya.

Kwa mwanafunzi wa kigeni Marekani, kuna jambo dogo ambalo wachache huuliza: namba ya usajili wa shahada. Ikiwa 10.0304, shahada huhesabiwa ya sayansi na teknolojia, na mhitimu anaweza kuomba miezi 24 ya kazi juu ya 12 ya kawaida. Ikisajiliwa kama sanaa tupu, hubaki ile 12.

Njia za karibu zipo pia. Africa Digital Media Institute ya Nairobi na The Animation School ya Cape Town hufundisha fani hii, na Tinga Tinga Tales, iliyoanza kuonyeshwa 2010, ilitengenezwa Nairobi na studio ya Homeboyz.

Popote patakapochaguliwa, jalada la kazi ndilo hufungua mlango. Shule nzuri hazitaki nakala za katuni za Kijapani. Zinataka michoro ya vitu vilivyoonekana kwa macho: mama anayemenya viazi, bodaboda aliyesinzia juu ya pikipiki, mikono ya msusi. Shule nyingi za Marekani hufunga maombi kati ya Desemba na Februari kwa masomo ya Agosti au Septemba, kwa hiyo michoro hiyo huanza kukusanywa mwaka mzima kabla.