Githeri ya Samaki Mkavu, na Sahani ya Mtoto

   Leo sitazungumza juu ya sindano wala vidonge. Leo tunapika.

Tunapika githeri, lakini githeri nzito, yenye samaki mkavu wa ziwa letu, mboga na mafuta. Ni chakula ambacho mtu akila jioni analala vizuri, na mtoto hakuamshi usiku akilia njaa. Najua githeri haikuanzia Turkana. Ni chakula cha watu wa upande wa Mlima Kenya. Wazee wetu walikula maziwa, nyama na damu, na mtama wa kandokando ya mto. Lakini ukame wa 2020 hadi 2023, ambapo misimu mitano ya mvua ilifuatana bila mvua ya kutosha, uliua mifugo mingi, na nyumba ambazo zamani zilikunywa maziwa asubuhi na jioni sasa zinategemea mahindi na maharagwe. Kule Kakuma na Kalobeyei mgao wa chakula ulipunguzwa mwaka 2025. Kwa hiyo kila punje inayoingia katika sufuria ni lazima ifanye kazi yake.

Na hapa ndipo penye tatizo ninalotaka tulizungumze. Ukiingia katika nyumba nyingi wakati wa chakula, utakuta mama amepika githeri nzuri kabisa. Watu wazima wanapata mahindi na maharagwe. Mtoto wa mwaka mmoja anapata nini? Anapata mchuzi. Maji ya githeri katika kikombe, labda na kipande cha ugali kilicholoweshwa. Mama akiulizwa anasema, "Mtoto bado hana meno, nguvu yote iko katika supu."

Mama, nguvu haiko katika supu. Ukichemsha maharagwe, sehemu kubwa ya kile kinachojenga mwili inabaki ndani ya maharagwe yenyewe. Ule mchuzi una rangi, una chumvi na ladha, na tumbo la mtoto linajaa, lakini limejaa maji. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo. Likijazwa maji hakuna nafasi ya chakula. Ndiyo maana unaona mtoto anakula kila siku na bado mkono unazidi kuwa mwembamba.

Basi tuanze jikoni, kisha tutarudi kwa sahani ya mtoto.

Kwa nyumba ya watu sita, chukua vikombe vinne vya mahindi makavu na vikombe viwili vya maharagwe. Kikombe ninachosema ni kile cha robo lita. Vipimo hivyo vina sababu: kile kinachopungua katika mahindi kinapatikana katika maharagwe, na kinachopungua katika maharagwe kinapatikana katika mahindi. Vikiliwa pamoja vinajenga mwili kuliko kila kimoja peke yake. Utahitaji pia samaki mkavu mmoja wa wastani, kitunguu, nyanya mbili au tatu ukizipata, majani ya kunde au sukuma wiki mikono miwili, vijiko vikubwa vinne vya mafuta, na chumvi yenye madini joto.

Kwanza chagua mahindi. Yamwage juu ya ungo au sinia uyaangalie kwenye mwanga. Punje yenye ukungu wa kijani, kijivu au nyeusi, punje iliyooza au kunyauka, itoe. Usiseme moto utaua ukungu. Sumu inayotokana na ukungu ule, iitwayo aflatoksini, haimalizwi na kuchemsha. Mwaka 2004 huko Makueni, Kitui na maeneo ya jirani watu 125 walikufa kwa kula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Gunia likinyeshewa na mvua au likiwekwa juu ya udongo, hatari huanzia hapo. Na mahindi yenye ukungu usiwape kuku wala mbuzi, maana sumu hiyo inawadhuru nao pia, na katika maziwa inaweza kukurudia.

Sasa maharagwe. Yaloweke usiku mzima katika maji mengi pamoja na mahindi, asubuhi mwaga maji yale, suuza, weka maji mapya. Akina ata wanaelewa jambo hili kuliko mimi. Si mnajua tunda la edung? Hakuna anayechemsha edung mara moja akala. Yanachemshwa, maji yanamwagwa, yanachemshwa tena, mpaka uchungu uishe. Maharagwe nayo yana kitu chake cha kuondolewa, ila tofauti ni kwamba huwezi kukionja kwa ulimi.

Kitu hicho kiko kwa wingi zaidi katika maharagwe mekundu. Yakiliwa mabichi au nusu mabichi, hata punje nne au tano zinaweza kumfanya mtu atapike sana na kuharisha baada ya saa chache. Dawa yake ni moto mkali. Baada ya kuloweka, maharagwe yachemke kwa nguvu, yakitokota kweli kweli, kwa dakika kumi au zaidi, ndipo upunguze moto uendelee polepole mpaka yaive. Kosa ambalo naliona ni hili: kuni ni chache, mama anaweka sufuria juu ya makaa madogo tangu asubuhi, maharagwe yanapata joto tu bila kutokota, jioni yamelainika kidogo na watu wanakula. Hayo ni mabaya kuliko unavyodhani. Moto mdogo usiofika kutokota hauondoi sumu ile. Hata wale wenye kikapu cha kuhifadhi joto, sufuria itokote kwanza jikoni, ndipo iingie katika kikapu.

Najua kuni ni taabu. Wanawake wanatembea mbali kuzitafuta, na huko porini kuna mambo ambayo sote tunayajua. Kuloweka ndiko kunakopunguza kuni. Githeri isiyolowekwa inaweza kukaa motoni nusu siku. Iliyolowekwa usiku mzima mara nyingi huiva kwa saa mbili au zaidi kidogo. Funika sufuria. Gawa kuni za mathenge ndogo ndogo na uhakikishe zimekauka. Kinga moto na upepo, maana upepo wa Lodwar unakula nusu ya kuni zako.

Wengine wanatia magadi ili maharagwe yaive haraka. Mimi sipendi magadi. Yanaharibu baadhi ya vitamini za maharagwe, na tayari vitamini zenyewe tunazipata kwa shida. Kama umepata dengu za manjano badala ya maharagwe, hizo ni rahisi, zinaiva upesi. Zitie mahindi yakiwa yamekaribia kuiva.

Wakati githeri iko motoni, mshughulikie samaki. Yule wa kukaushwa kutoka Kalokol ni mzuri, ama ngege ama sangara. Nusa kwanza. Harufu ya samaki ni kawaida, harufu ya uozo si kawaida. Akiwa na wadudu wengi au amelainika kwa unyevu, mwache sokoni. Mwoshe, mloweke katika maji ya moto mpaka alegee, mwaga maji hayo hasa kama alitiwa chumvi. Kisha kaa chini, weka mwanga mzuri, toa miiba yote kwa vidole. Usifanye kwa haraka. Mwiba mdogo ambao baba anautema unaweza kukwama kooni mwa mtoto. Nyama ikishatoka, itwange katika kinu mpaka iwe kama unga mnene. Akina mama wa Kongo pale Kakuma wanatumia ndakala wadogo hivyo hivyo, wanawakaanga kidogo bila mafuta, wanawatwanga pamoja na mifupa yao laini. Hiyo ni njia nzuri sana, na mifupa ile inaongeza madini.

Mahindi na maharagwe yakiiva, yaani punje ya haragwe ukiibonyeza kati ya vidole viwili inapondeka bila ubishi, kaanga kitunguu katika mafuta, tia nyanya zipondeke, tia samaki, koroga, kisha mimina githeri pamoja na mchuzi wake kidogo. Majani ya kunde yakatwe na kutiwa mwisho, dakika tano tu. Chumvi kidogo, onja kwanza kwa sababu ya samaki. Iache itokote mpaka mchuzi uwe mzito na kushikana na mahindi.

Kuna mama anasema moyoni, "Muuguzi huyu anapika kwa redio, nyanya atanipa yeye?" Swali lako ni halali. Ukikosa nyanya, githeri haiharibiki. Ukikosa kitunguu pia. Lakini kama una fedha ya kitu kimoja tu cha kuongeza, nunua samaki mkavu kabla ya kununua sukari. Akichinjwa mbuzi, kipande cha ini au nyama iliyokatwa katwa sana kinaingia mahali pa samaki. Mvua ikinyesha na mboga za porini zikiota, hizo hazina bei.

Na chai. Chai ya majani ikinywewa pamoja na chakula, inazuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo katika maharagwe na mboga, madini ambayo ndiyo yanatengeneza damu. Mama mjamzito, tafadhali, acha saa moja ipite baada ya kula ndipo unywe chai yako. Mtoto mdogo usimpe chai kabisa. Chai ya sukari inamfanya asitake kula, mama anafurahi kwamba ametulia.

Haya, sahani ya mtoto. Nasema sahani, yake mwenyewe, si kuchovya katika sinia la wakubwa ambako wenye mikono mikubwa wanamaliza kabla hajatafuna tonge la pili. Ukiwa na sahani yake unajua amekula kiasi gani.

Mtoto ambaye hajafika miezi sita hali githeri wala kitu kingine, ni titi la mama peke yake, hata maji hapana. Kuanzia miezi sita anaanza na vijiko viwili au vitatu, halafu unaongeza. Mchagulie maharagwe yaliyoiva sana, yaponde pamoja na unga wa samaki, majani na mafuta kidogo, pitisha katika kichujio au uyasugue na mwiko mpaka maganda yabaki juu. Punje nzima ya mahindi usimpe, inaweza kumkaba. Chakula kiwe kizito, kikae juu ya kijiko bila kumwagika. Kikimwagika kama maji, hicho ni kile kile kikombe cha mchuzi nilichosema mwanzo. Mpaka miezi minane apate nusu kikombe, mara mbili au tatu kwa siku. Miezi tisa hadi kumi na moja, nusu kikombe au zaidi, mara tatu au nne, na sasa unaponda tu bila kuchuja sana. Akifika mwaka mmoja, robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima, mara tatu au nne. Katikati apate kitu kidogo, na aendelee kunyonya mpaka miaka miwili au zaidi. Mlishe polepole ukimwangalia usoni, ukizungumza naye. Akigeuza kichwa, ngoja kidogo, jaribu tena.

Osha mikono kwa sabuni, yako na yake. Na githeri iliyolala? Joto letu linachachusha chakula mapema. Chakula kilichoiva kisikae zaidi ya saa mbili bila kuliwa. Mtu mzima akila kilicholala, kichemshwe mpaka kitokote kote, si juu juu tu. Kikitoa povu au harufu ya uchachu, kimwage, maana kuchemsha tena hakuondoi kila sumu. Mtoto mdogo umpikie kiasi anachomaliza.

Jambo la mwisho ni la mtoto aliyekonda tayari. Utepe wa kupima mkono, kwa mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano, ukionyesha rangi ya manjano, yaani kati ya sentimita 11.5 na 12.5, mpeleke kliniki aandikishwe. Ukionyesha nyekundu, chini ya sentimita 11.5, au miguu yote miwili imevimba, githeri hii si dawa yake. Mpeleke siku hiyo hiyo katika zahanati iliyo karibu nawe. Kama pia anatapika kila kitu, amelegea au hataki kunyonya, anahitaji kulazwa. Zile paketi za chakula cha tiba atakazopewa ni zake peke yake, kama vidonge vya mgonjwa. Ndugu zake wapikie githeri.

Kama huna utepe nyumbani, mwulize mhudumu wa afya wa kijijini kwako, atakuonyesha jinsi ya kupima mwenyewe. Na aliye na maharagwe ayaloweke usiku huu kabla hajalala. Kwaherini.